Tangi dogo la matumbawe Dodoma: kipimo gani cha chumvi, maji gani ya kuongezea, na nini kinunuliwe kwanza

Julai, ukianza ule upepo unaokausha nguo kabla hujamaliza kuanika, tangi langu la sebuleni hushuka sentimita moja kwa siku. Sentimita moja ukiitaja inaonekana si kitu. Lakini tangi lina urefu wa sentimita 60 na upana wa 30, kwa hiyo hiyo sentimita ni lita 1.8, na ukitoa mawe na mchanga, maji yenyewe yaliyomo ni kama lita 50 tu. Kinachopaa ni maji peke yake, chumvi inabaki. Ukitaka kuliona jambo hili kwa ukubwa, pita Bahi kiangazi mbuga ikishakauka, utazame weupe uliolala juu ya udongo.

Bahari ina gramu 35 hivi za chumvi katika kila kilo ya maji. Tangi langu lina gramu 1,750, kwa makadirio. Nisipoongeza maji, siku ya kwanza linafika 36.3, ya pili 37.7, ya tatu 39.2. Mtu mwenye tangi la lita 500 angeenda msibani Kondoa siku tatu, akarudi bila wasiwasi. Mwenye lita 50 anarudi akute matumbawe laini yamejikunja kama ngumi.

Watu huniuliza ninunue kipimo gani. Ni swali la haki, ila kwa hapa Dodoma nalijibu kwa kuongeza la pili: utaongeza maji gani, na kwa njia gani? Msimamo wangu nautoa mapema. Kipimo cha bei ya kati kinatosha, maji ya kuongezea ndiyo ya kugharamia, na mashine ya kuongeza maji yenyewe inaweza kusubiri.

Vipimo vinne, na kimoja cha kuazima

Cha bei ya chini kuliko vyote ni haidromita ya mshale: kikasha cha plastiki chenye mshale ndani, unachota maji, mshale unapanda, unasoma namba. Hakitaki betri wala mafunzo. Ndicho nilichoanza nacho mimi. Siku ya kwanza kilisoma 1.022, yaani maji yangu ni mazito mara 1.022 kuliko maji matupu, wakati bahari inatakiwa iwe karibu 1.026. Nikaongeza chumvi kidogo kidogo wiki nzima mpaka kikasoma 1.025. Konokono wakaacha kupanda kioo. Kamba akajificha nyuma ya jiwe, akawa hatoki hata kwa chakula.

Jumapili moja rafiki alipita akitokea Dar na rifraktomita yake mfukoni, kile kipimo kinachosoma chumvi kwa jinsi maji yanavyopindisha mwanga. Tukapima: 39. Shemeji yangu, aliyekuwa amejinyoosha kwenye kochi, akauliza bila kugeuza kichwa, "Shemeji, hao samaki unawafuga au unawatengeneza ng'onda?"

Kosa tuliliona tulipokiweka kikasha kwenye mwanga. Mhimili wa mshale ulikuwa na ukoko mweupe wa chumvi, mshale unapanda kwa kusitasita. Hapo ulisoma chini ya ukweli. Kuna na kosa la upande wa pili: viputo vidogo vya hewa vikiung'ang'ania mshale vinaubeba, namba inapanda juu ya ukweli. Kwa hiyo kifaa kilekile kinaweza kukudanganya leo kuelekea huku na kesho kuelekea kule. Ukikinunua, kiloweke kwanza, kigonge taratibu kuondoa viputo, kisuuze kwa maji safi kila baada ya kupima, na ukilinganishe na kipimo kingine walau mara moja kwa mwezi. Bila hicho kipimo kingine, bora usikinunue kabisa.

Ndugu yake ni haidromita ya kioo inayoelea. Hii ni ya kuaminika kwa namna yake, maana haina mhimili wa kukwama: ni kioo tu, kinazama kiasi au kinaelea kiasi. Shida zake ni mbili. Inataka chombo kirefu chembamba chenye maji ya kutosha, na imetengenezwa kwa joto moja lililoandikwa ndani yake. Ukipima kwenye joto tofauti, lazima ufanye hesabu. Na ikianguka sakafuni, basi.

Hapa niwape siri ya wafugaji. Laktomita, ile wanayopimia maziwa vituoni kujua kama yametiwa maji, ni haidromita ya kioo, na namba zake za 15 mpaka 40 maana yake ni 1.015 mpaka 1.040. Maji ya bahari yanaangukia humohumo. Kama imeandikwa 60°F, yaani nyuzi 15.6 za Selsiasi, ukiitumbukiza kwenye maji ya tangi yenye nyuzi 25 na chumvi sahihi ya 35, itasoma kama 24, si 26, kwa sababu maji ya joto ni mepesi kuliko ya baridi. Sisemi uifanye kipimo chako cha kila siku. Mistari yake imeachana mno kwa kazi hiyo. Ila kama unashuku kipimo chako na huna pa kwenda, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa jirani yako anaweza kukutoa gizani. Ioshe vizuri kabla hujairudisha.

Rifraktomita ndiyo ninayoitumia. Ni bomba la chuma la ukubwa wa tochi ndogo. Unainua kifuniko, unadondosha matone mawili ya maji juu ya kioo chake cha mteremko, unafunika, unaielekeza dirishani na kuchungulia kama anayetazama darubini. Ndani ni duara: juu buluu, chini nyeupe, na mpaka wa rangi hizo mbili ndio jibu lako. Mpaka ukiwa na ukungu, ama kioo kina alama ya kidole ama matone hayakuenea. Subiri kama nusu dakika maji yapate joto la kifaa, kisha soma. Usisubiri sana pia: kwa hewa ya kwetu, tone lililoachwa bila kufunikwa linaanza kukauka palepale, na chumvi inapanda ukiwa unalitazama.

Kasoro ya rifraktomita iko kwenye kusawazisha, na hapa wengi wanaangukia pua. Karatasi inayokuja nayo husema uiweke sifuri kwa maji matupu. Kosa la kwanza ni kutumia maji ya bomba. Maji ya Dodoma, mengi yakiwa ya visima vya bonde la Makutupora, yana madini yake. Ukiyaita sifuri, kila utakachosoma kitakuwa chini ya ukweli. Kosa la pili ni gumu zaidi kuliona: rifraktomita nyingi za bei nafuu zimechorwa kwa ajili ya chumvi ya kawaida iliyoyeyushwa kwenye maji, si maji ya bahari. Hata ukiiweka sifuri sawasawa, maji ya bahari ya 35 yatasoma kama 36.5. Wewe utaona chumvi imezidi, utapunguza, na utaishi kwenye 33 na nusu ukijisifu kuwa uko 35.

Dawa ya makosa yote mawili ni moja. Achana na sifuri, isawazishe kwa maji ya kipimo ya 35, yale yanayouzwa kwenye vichupa. Ukikosa, unaweza kuyatengeneza: gramu 36.5 za chumvi kavu ya mezani ndani ya gramu 963.5 za maji matupu yaliyochujwa madini, vyote vipimwe kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu. Mchanganyiko huo unapindisha mwanga sawa na maji ya bahari ya 35. Zungusha skurubu ndogo ya juu mpaka mstari ukae kwenye 35, basi. Chumvi iwe kavu kweli, maana iliyoshika unyevu inakupunja uzito. Na mchanganyiko huu ni wa rifraktomita tu. Usije ukausawazishia kipimo cha umeme.

Ambacho ndicho cha nne. Kipimo cha umeme kinapima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Maji ya bahari ya 35 kwenye nyuzi 25 yanatoa milisimensi 53 kwa sentimita. Unatumbukiza, namba inakuja yenyewe, macho hayaumii, na mtu anayevaa miwani ya kusomea atakishukuru. Bei yake ni mara kadhaa ya rifraktomita, kinataka maji yake maalumu ya kusawazishia, na ncha yake ikikaukiwa na chumvi inaanza kuropoka. Kwa mwenye matangi matatu, anayepima kila siku, kinajilipa. Kwa tangi moja la sebuleni, fedha hiyo ina kazi nyingine.

Tahadhari moja: kile kikalamu cha kupimia TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini, kinachouzwa kwa ajili ya maji ya kunywa, si kipimo cha tangi la bahari. Vingi hukomea chini kidogo ya miligramu 10,000 kwa lita, na bahari iko 35,000. Kinunue hata hivyo, kazi yake inakuja.

Maji ya kuongezea

Kwetu tukisema "maji ya chumvi" mara nyingi tunamaanisha ya kisima, yale yanayogoma kutoa povu la sabuni. Mzee mmoja mtaani aliniambia, "Mwanangu, si una bahati? Bomba letu tayari lina chumvi, nusu ya kazi imefanyika." Nilicheka, lakini ni kosa ambalo nimeona watu wazima wakilifanya. Ile si chumvi ya bahari. Ni kalisi, magnesi, nitrati na mengineyo kwa uwiano wake wenyewe, tena yanayotoka bombani yametiwa na klorini.

Tuseme maji yako yana gramu 0.8 za madini kwa lita. Ukiongeza lita 1.8 kila siku, kwa mwezi umeingiza gramu 43 za vitu ambavyo havipai. Mwani wa kijani utakuwa wa kwanza kukushukuru.

Kwa hiyo maji yawe matupu kadiri inavyowezekana, na uchaguzi wa hapa mjini uko hivi. Mtambo wa RO wa nyumbani, unaosukuma maji kupitia chujio laini mno linalozuia madini, ndio bora, ila unahitaji msukumo wa maji, walau baa tatu au nne. Simtanki iliyokaa mita tatu juu ya ardhi inatoa baa 0.3. Nilifunga mtambo bila kujua hilo, nikakaa saa nzima nikiangalia tone moja moja likidondoka, huku maji ya kutupa yakitiririka. Fundi bomba akaniambia, "Kaka, hii bila pampu ya kusukumia utazeeka hapo." Ukihesabu mtambo, hesabu na pampu. Maji unayotupa huwa mengi kuliko unayopata, kwa hiyo yakinge kwenye ndoo, yana kazi chooni.

Ninachofanya sasa ni kununua dumu la lita 20 kwa wauza maji ya kunywa waliochuja kwa RO. Hapo ndipo kikalamu cha TDS kinapofanya kazi: nafika nacho, nachota kikombe, natumbukiza. Chini ya 10 nalipa na kuondoka. Yakisoma 60 au 90, ni mazuri ya kunywa ila si ya tangi. Pima kila unapokwenda, kwani chujio lao likichoka hakuna atakayekutangazia. Dumu moja linanitosha siku kumi na moja kiangazi, na zaidi sana wakati wa mvua.

Maji ya mvua yanavutia kati ya Desemba na Aprili, ila paa la mabati linatoa zinki, na zinki ni sumu kwa kamba, konokono na matumbawe hata ikiwa kidogo. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi vilevile yapite mbali, yamekaa juu ya shaba. Maji ya chupa ya dukani yana madini yaliyoandikwa kwenye lebo. Soma kabla hujamimina. Na kuna maji ya betri. Yale yaliyokenekwa hasa yanafaa, lakini kwenye duka la vipuri jina hilohilo unaweza kupewa asidi. Sichezi mchezo huo.

Mkono, chupa ya kuku, au mashine

Njia ya mkono ni jagi na alama ya selotepu kwenye kioo. Unaongeza asubuhi na jioni, polepole, mahali ambapo pampu inakoroga. Haina gharama, na inakulazimisha kulitazama tangi mara mbili kwa siku, jambo ambalo limeniokolea samaki zaidi ya kifaa chochote. Udhaifu wake ni wewe mwenyewe.

Ya pili ni chupa iliyopinduliwa, kwa kanuni ileile ya chombo cha kunyweshea vifaranga: mdomo wa chupa unagusa maji, yakishuka hewa inaingia, maji yanatoka mpaka mdomo uzibwe tena. Haitaki umeme, na hilo si dogo. Lakini hewa iliyo ndani ya chupa inatanuka joto likipanda, na kwetu alfajiri na saa nane mchana ni nchi mbili tofauti, kwa hiyo mchana inasukuma maji kidogo kabla ya wakati wake. Kwa chupa ya lita moja na nusu haina madhara. Lazima ifungwe imara, maana ikiegemea inajimimina yote.

Mashine ina kihisi kinachokaa kwenye usawa wa maji na pampu ndogo ndani ya chombo cha maji safi. Usawa unashuka milimita, inaongeza kijiko. Hakuna njia inayoshika chumvi sawa kama hii ikiwa inafanya kazi, na umeme ukikatika inaendelea pale ilipoachia. Ubaya wake unakuja kwa kishindo: konokono anakaa juu ya kihisi, pampu haijui kunyamaza. Kinga si mashine ya gharama zaidi, ni ukubwa wa chombo. Chombo cha lita tano kikimiminika chote kwenye tangi langu, chumvi inashuka mpaka 31.8, wanyama wananuna lakini wanaishi. Cha lita ishirini kingelipeleka kwenye 25, na zulia lingeogelea. Angalia pia mpira wa kuingizia maji usitumbukie ndani ya tangi, la sivyo pampu ikisimama maji ya chumvi yanaweza kurudi kinyumenyume.

Kifuniko cha kioo kinapunguza upotevu, ila acha mwanya hewa ipite. Novemba nikiwasha feni kupoza maji, lita mbili zinakwenda kwa siku, kwa hiyo feni nayo iingie kwenye hesabu ya chumvi.

Chumvi yenyewe

Hapa sina mengi. Chumvi ya pakiti ya akwariamu, iliyochanganywa kwa maji ya RO na kukorogwa na pampu usiku kucha, ipimwe kabla ya kuingia. Chumvi ya jikoni haifai kabisa: maji ya bahari yana miligramu 400 na zaidi za kalisi na karibu 1,300 za magnesi kwa lita, na hayo hutayapata kwenye pakiti ya duka la mangi. Kuleta maji ya bahari kwa madumu kutoka Dar, kilometa 450, nimefanya mara mbili. Dumu la lita 20 lina kilo 20 na nusu, kondakta ananung'unika, na masika maji ya ufukweni yamechanganyika na ya mito na mitaro. Wala usiibebe pwani kwa namna nyingine: matumbawe hai yasing'olewe baharini. Yale magumu yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na ndani ya hifadhi za bahari sheria haichekei mtu.

Chumvi ikipanda, usikimbilie kuishusha siku moja. Toa maji kidogo, weka matupu, shuka alama moja kwa siku. Ikiwa imeshuka, ongezea maji yaliyochanganywa chumvi badala ya matupu mpaka irudi. Usimwage chumvi kavu ndani ya tangi. Chembe ikimwangukia tumbawe inamchoma.

Kwa anayeanza na fedha ya kubana, ningefuata mpangilio huu: kikalamu cha TDS na dumu la maji safi, rifraktomita na maji ya kuisawazishia, selotepu na jagi. Mashine inunuliwe na anayesafiri mara kwa mara, au mfanyakazi anayetoka mji wa serikali Mtumba saa moja jioni amechoka.

Mimi nikisafiri bado natumia mtoto wa jirani. Namwachia chupa zilizojazwa, kila moja imeandikwa siku yake, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Mwaka jana nilirudi Jumapili usiku, nikapima: 35 kamili, nikampa hela ya soda. Kesho yake akaja mwenyewe mlangoni, macho chini. "Shikamoo. Nilizimimina zote Ijumaa, nilikuwa nawahi mpira."